Oili Chini ya Harley: Sifa Mbaya na Tarehe Zake

Msikilizaji, ukimwambia fundi wa pikipiki mwenye mvi huko Marekani kwamba umenunua Harley-Davidson ya mwaka 1975, hatakuuliza kwanza inakimbia kiasi gani. Atainama achungulie chini ya injini. Anatafuta oili. Sifa hiyo imezigandama pikipiki kuukuu za Kimarekani kwa muda mrefu, hata watu wasiowahi kupanda moja wanaamini kwamba zilizaliwa hivyo: nzito, zenye kelele, zinazomwaga oili kila zinapoegeshwa na kumwacha mwenyewe njiani na spana mkononi.

Mazungumzo ya leo yanaipinga imani hiyo, ingawa si yote. Kuvuja kulikuwapo. Kuharibika kulikuwapo, na wateja walioumia mfukoni walikuwapo kwa maelfu. Lakini ubovu huo una tarehe zake na una wahusika wake. Kuutwika kila chombo kilichotoka viwanda vya Milwaukee au Springfield tangu mwanzo wa karne ya 20 ni kuwaonea watu waliounda mashine ambazo polisi, wanajeshi na wasafiri wa enzi zao walizikabidhi roho zao.

Turudi mwaka 1908. Harley-Davidson ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, karakana changa ya mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Rais wake, Walter Davidson, aliingia yeye mwenyewe katika mashindano ya uvumilivu kwenye milima ya Catskill, New York. Yalikuwa ya siku mbili, kwenye njia za mawe na tope, na mshindi hakupatikana kwa kasi. Alipatikana kwa kufika kila kituo kwa wakati uliopangwa bila chombo kumwangusha. Davidson alipata alama zote 1,000. Siku hizo pikipiki ilikuwa baiskeli iliyoongezewa injini, na mnunuzi alikuwa na swali moja tu: itanifikisha? Rais wa kampuni alikwenda kulijibu kwa mwili wake, na kampuni haikuchelewa kulitangaza jibu hilo kwa wateja.

Upande wa mashariki, mjini Springfield, Massachusetts, kulikuwa na Indian, kampuni iliyoanza mwaka 1901 chini ya George Hendee na fundi wake mkuu Oscar Hedstrom. Mwaka 1911 Indian walivuka bahari hadi Kisiwa cha Man, kwenye mashindano makubwa ya Waingereza, wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika daraja la juu. Pikipiki zao zilikuwa na cheni na giaboksi ya gia mbili, wakati Waingereza wengi walikuwa bado wanategemea mikanda ya ngozi iliyoteleza mvua ikinyesha. Wakati huo pikipiki ya Kimarekani ndiyo iliyokuwa kipimo cha uimara, na Waingereza ndio waliokuwa wakijifunza.

Aliyeshika nafasi ya pili siku ile alikuwa mhandisi kutoka Ireland, Charles Franklin. Jina hilo lina uzito, kwa sababu Franklin baadaye alihamia Springfield, na mwaka 1920 akaitoa Indian Scout. Injini ilikuwa ya cc 600 hivi. Kati ya injini na giaboksi hakuweka cheni kama wengine. Aliweka gia zilizofungwa ndani ya kasha la alumini, zikizunguka katika oili siku zote. Vumbi haliingii na hakuna cheni ya kulegea. Ni uamuzi wa mtu aliyewahi kukwama barabarani na hakutaka mteja wake akwame. Waonyeshaji wa Ukuta wa Kifo, wale wanaozunguka ndani ya pipa kubwa la mbao pikipiki ikiwa imelala ukutani, wanatumia Scout za miaka ya 1920 hadi leo, kazini, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwendeshaji aliye ukutani hawezi kumudu injini inayokata ghafla.

Scout moja ya mwaka huo wa kwanza ilifika Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, mikononi mwa Burt Munro. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na mwendo wa takriban kilomita 90 kwa saa. Mwaka 1967, kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, jimbo la Utah, Munro akiwa na miaka 68 aliiendesha kwa kilomita 295 kwa saa na kuweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1,000. Haki inataka isemwe pia kwamba injini hiyo ilimpasukia mara nyingi. Alikuwa akimimina pistoni zake mwenyewe kwa chuma chakavu, na vipande vilivyovunjika alivipanga kwenye rafu ya karakana yake. Hata hivyo, ganda la injini lililochorwa kubeba mwendo wa kilomita 90 lilikubali kubebeshwa zaidi ya mara tatu yake. Franklin, aliyefariki mwaka 1932, hakuishi kuyaona hayo.

Lakini ushahidi wenye uzito kuliko rekodi yoyote ni wa Bessie Stringfield. Huyu alikuwa mwanamke Mmarekani Mweusi aliyejifunza kuendesha kwa Indian Scout ya mwaka 1928, kisha akamiliki Harley 27 katika maisha yake. Alisafiri nchi nzima peke yake katika miaka ambayo sheria na desturi za ubaguzi zilimfungia milango ya hoteli. Alipokosa familia ya Weusi ya kumpa malazi, alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta, koti likiwa mto, miguu imenyooshwa hadi kwenye fenda la nyuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibeba nyaraka kati ya kambi za jeshi ndani ya Marekani. Fikiria maana ya pikipiki kuzimika usiku, kusini mwa Marekani miaka ya 1930, kwa mtu kama yeye. Kwake uimara wa chombo haukuwa jambo la fahari ya kijiwe. Alihitaji injini itakayowaka alfajiri, na kwa miongo kadhaa aliendelea kuchagua Harley.

Jeshi nalo lilichagua. Harley ya vita, iliyoitwa WLA, pamoja na ndugu yake iliyotengenezwa kwa ajili ya Kanada, zilitoka zaidi ya 90,000. Takriban 30,000 zilikwenda Umoja wa Kisovyeti. Injini yake ya cc 740 ilikuwa ya valvu za pembeni, teknolojia ambayo hata wakati huo ilishapitwa. Hapo ndipo penye akili. Mgandamizo wake ulikuwa wa chini sana, kwa hiyo ilikubali petroli mbovu. Kichujio chake cha hewa kilikuwa na beseni la oili la kunasia vumbi. Hedi ya silinda ilikuwa kifuniko tu, hakuna valvu ndani yake, hivyo askari mwenye spana chache aliweza kuifungua kando ya barabara, kukwangua masizi na kuifunga tena. Ilikuwa mzigo mzito usiokwenda kasi. Lakini ilirudi kambini. Injini za jamii hiyo zilibebeshwa pia pikipiki ya magurudumu matatu iliyoitwa Servi-Car, iliyotengenezwa tangu 1932 hadi 1973 na kutumiwa na gereji na polisi wa miji. Kiwanda hakitengenezi chombo kimoja kwa miaka 41 kama wanunuzi wake wanakilaani.

Sasa tuje kwenye oili yenyewe, kwa kuwa ndiyo hoja ya washtaki.

Harley kuukuu haihifadhi oili chini ya injini kama pikipiki nyingi za leo. Oili hukaa kwenye tangi lake, karibu na kiti, juu ya usawa wa pampu. Injini ikiwa imezimwa, kinachoizuia oili isiteremke ni kigololi kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi ndani ya pampu. Chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya kigololi hicho, au kikalio chake kikilika kidogo, oili huanza kushuka tone kwa tone. Pikipiki ikiendeshwa kila siku, hakuna anayegundua. Ikikaa wiki tatu, tumbo la injini limejaa. Mwenyewe anapopiga kiki, krenki inaikoroga oili hiyo, shinikizo linaitupa nje kupitia bomba la kupumulia, na dimbwi linatanda sakafuni. Jirani anayepita anasema injini imekufa, na kumbe hakuna gasketi iliyopasuka wala ringi iliyokatika. Anayeijua mashine yake hufungua nati ya chini, akaimwaga oili iliyoteremka, akaipima na kuirudisha kwenye tangi, halafu akawasha.

Tena kuna oili iliyokusudiwa kudondoka. Harley nyingi za zamani zilipewa kibomba chembamba cha kupeleka oili kidogo kwenye cheni, na skrubu ya kurekebisha kiasi chake. Cheni ililainishwa, ikadumu, na tone la ziada likaangukia chini. Mhandisi wa mwaka 1940 aliona huo ni ukarimu kwa mteja. Mpita njia wa mwaka 1980, aliyekwishazoea Honda kavu, aliona uchafu.

Mtikisiko nao si hadithi. Silinda mbili zimeegemeana kwa pembe ya digrii 45, na pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja ya krenki, kwa hiyo milipuko haigawani sawa: mmoja hufuata mwenzake baada ya digrii 315, unaofuata baada ya digrii 405. Ndiyo asili ya ule muungurumo wa kusitasita ambao watu wanautambua kabla ya kukiona chombo chenyewe. Ndiyo asili pia ya nati kulegea. Mwenye Harley ya 1950 aliambiwa na kitabu cha kiwanda apitishe spana kila baada ya muda fulani, na aliyetii alisafiri. Asiyetii aliokota vipande vyake barabarani. Hakuna sababu ya kumtetea wa pili.

Kama ni hivyo, sifa mbaya ilitoka wapi? Ilitoka kwenye vyumba vya wakubwa, na mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Indian. Mwaka 1945 kampuni iliingia mikononi mwa mwekezaji Ralph Rogers, mtu aliyeamini, na hakukosea, kwamba Wamarekani baada ya vita watataka pikipiki nyepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akatoa aina mpya zenye silinda zilizosimama wima, za mtindo wa Ulaya. Wazo lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa haraka. Zilifika madukani kabla hazijaiva, magneto zikawa zinashindwa kutoa cheche, wateja wakazirudisha. Kisha Septemba 1949 Uingereza ikashusha thamani ya pauni yake kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na pikipiki za Waingereza, ambazo ndizo Rogers alikuwa akishindana nazo, zikawa rahisi Marekani kwa usiku mmoja. Mwaka 1953 Springfield ikaacha kutengeneza pikipiki. Chief, ile Indian kubwa ya zamani yenye valvu za pembeni, iliendelea kuzunguka barabarani miaka mingi baada ya zile mpya kuoza mabandani.

Mara ya pili ndiyo iliyotia doa kubwa. Mwaka 1969, Harley-Davidson, ikiwa imeishiwa fedha na inawindwa na kampuni iliyotaka kuinunua kwa nguvu, iliingia chini ya AMF, shirika lililojulikana zaidi kwa vifaa vya mchezo wa bowling. AMF waliona jina kubwa na soko linalokua, wakaamuru pikipiki zitoke nyingi zaidi kwa mitambo iliyochoka. Mwaka 1973 kazi ya kuunganisha pikipiki ilihamishiwa York, Pennsylvania, huku injini zikiendelea kutengenezwa Wisconsin na kusafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 1,000. Mikono iliyozoea kuunda injini na kuiona ikivishwa tangi na magurudumu ilitenganishwa na kazi yake. Mwaka 1974 wafanyakazi waligoma. Pikipiki zilifika mwisho wa mstari zikiwa na sehemu pungufu, zikasubiri pembeni zimaliziwe. Wauzaji walitandika maboksi chini ya pikipiki mpya, ndani ya maduka yao, zisichafue sakafu.

Injini yenyewe ya kipindi hicho, iliyobandikwa jina la Shovelhead, AMF hawakuibuni. Ilianza mwaka 1966. Ilikuwa na hedi za alumini juu ya silinda za chuma, na metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata moto. Ilihitaji kufungwa kwa uangalifu, na uangalifu ndicho kitu kilichokuwa kimepungua kiwandani. Baadaye serikali ikaanza kuiondoa risasi kwenye petroli, jambo lililoumiza vikalio vya valvu vya injini za zamani za kila aina, na lawama ikaongezwa kwenye jina lilelile. Wakati wote huo mnunuzi alikuwa na cha kulinganisha: Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969, silinda nne, breki ya diski mbele, stata ya umeme, kavu chini, na haikumdai mwenyewe zaidi ya petroli na oili.

Wapo wanaosema AMF iliiokoa Harley, kwamba bila fedha zake kampuni ingekufa mapema kama Indian. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Fedha ziliingia, mitambo ilinunuliwa, na baadhi ya mambo mazuri ya miaka ya 1980 yalianza kuchorwa chini ya AMF. Hata hivyo mteja aliyenunua pikipiki mwaka 1976 hakununua hatima ya kampuni. Alinunua chombo cha kumpeleka kazini, na wengi hawakupewa hicho.

Mwaka 1981 wakubwa 13 wa Harley, wakiwamo Vaughn Beals na Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waasisi, walikopa na kuinunua kampuni kutoka kwa AMF. Mwaka 1983 serikali ya Rais Ronald Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki kubwa za kigeni, zenye zaidi ya cc 700, hadi asilimia 49.4. Ushuru ndio unaosimuliwa zaidi, ingawa dawa yenyewe ilikuwa mahali pengine. Viongozi wa Harley walikwenda kukitembelea kiwanda cha Honda kilichokuwa Marysville, Ohio, hapohapo Marekani, wakakuta hakina miujiza ya mitambo. Walikuta sehemu zinaletwa kwa kiasi kinachohitajika, hazirundikwi ghalani zikapata kutu, na kila mfanyakazi anapima kazi yake na ana mamlaka ya kukataa iliyoharibika. Wakarudi nyumbani, wakafanya hivyo.

Kwa aina za mwaka 1984 ikatoka injini ya Evolution: silinda za alumini zenye ganda la chuma ndani, hedi na silinda zikitanuka pamoja, gasketi zikishika. Ilikuwa bado na silinda mbili, bado digrii 45, bado pini moja. Umbo la babu lilibaki na kuvuja kukaisha kwa sehemu kubwa. Mwezi Machi 1987 kampuni iliiomba serikali iondoe ushuru ule kabla ya muda wake. Ikiwa umbo la kale ndilo lililokuwa chanzo cha ubovu, Evolution isingefaulu.

Hata za AMF hazikuwa maiti zote. Dave Barr, Mmarekani aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu la ardhini nchini Angola mwaka 1981, aliizunguka dunia kati ya 1990 na 1994 juu ya Harley Super Glide ya mwaka 1972. Alikwenda zaidi ya kilomita 130,000 kwa miguu ya bandia, kwenye chombo cha mwaka ambao mafundi wengi wangekushauri uukwepe. Kilihitaji matengenezo mengi njiani, na kilitengenezeka. Hilo ndilo ambalo takwimu za kuharibika haziwezi kulionyesha: mashine inayoharibika mbali na ikaweza kufunguliwa, kuchongewa sehemu na fundi wa mji mdogo na kuendelea, inamfaa msafiri zaidi ya ile inayokaa miaka 15 bila tatizo kisha ikafa kwa kosa la kisanduku cha umeme ambacho hakitengenezwi tena.

Mjini Maggie Valley, North Carolina, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2002 na Dale Walksler, aliyekuwa muuzaji wa Harley. Aliyajaza mamia ya pikipiki za Kimarekani na kushika msimamo mmoja mgumu: ziweze kuwaka. Mgeni akisimama mbele ya mashine ya mwaka 1917, huenda akaona inatiwa petroli na kupigwa kiki palepale, moshi ukatanda ukumbini. Walksler alifariki mwaka 2021 na mwanawe anaendeleza kazi. Tangu mwaka 2010 yapo pia mashindano ya kuvuka Marekani toka bahari hadi bahari kwa pikipiki za enzi hizo; ya kwanza yalikuwa ya zilizotengenezwa kabla ya 1916, kutoka Kitty Hawk, North Carolina, hadi Santa Monica, California. Nyingi ziliharibika njiani, zikatengenezwa usiku kwenye maegesho ya hoteli, na asubuhi zikaondoka.

Spea zipo. S&S Cycle, iliyoanzishwa na George Smith mwaka 1958 na yenye makao Wisconsin, imefikia kutengeneza injini nzima mpya kwa umbo la zile za Harley za 1936, 1948 na 1966, zenye pampu bora za oili na vyuma vinavyokubali petroli ya leo. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa sasa akiwa mbele ya Shovelhead ya 1975 asiishie kuangalia mwaka uliopigwa chapa kwenye fremu. Aulize injini hiyo ilifunguliwa mara ya mwisho na nani, silinda zake zilipanuliwa kiasi gani, vikalio vya valvu ni vya zamani au vilibadilishwa, na risiti ziko wapi.